Kwa wahariri wa maoni wa magazeti ya Marekani: turudishieni mhafidhina wa kubishana naye

Waheshimiwa wahariri wa kurasa za maoni, na ninyi wamiliki mliowaajiri,

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Nimeishi Iowa, jimbo la Marekani, tangu mwaka 2006. Nafua mashuka ya hospitali, naswali, nalipa kodi, na nikipewa karatasi ya kura mara nyingi alama yangu huangukia upande wa wahafidhina. Naamini familia hujenga mtu kuliko ofisi ya serikali, naamini duka dogo la mtu mmoja lina heshima yake, na naamini jambo lililodumu vizazi vitatu halivunjwi kwa hasira ya mchana mmoja. Imani hizi sikuzipata Marekani. Nilikuja nazo.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wasomaji wa Kiswahili hapa Iowa si haba tena, hasa ndugu zetu wa Kongo. Halafu kuna watu wa kwetu Kigoma ambao maisha yao huguswa na yanayoandikwa katika kurasa zenu, na huguswa zaidi na yanayoachwa kuandikwa. Ninyi mnao watafsiri, wao hawana.

Ombi langu ni moja. Turudishieni mhafidhina wa kubishana naye: aandike kwa jina lake, kila wiki, kwenye gazeti la mji wetu, na pembeni yake akae mtu anayempinga.

Kwenye chumba chetu cha mapumziko kazini kuna friji nyeupe yenye mlango uliokwaruzika. Fundi wetu wa boila, mzee wa Kimethodisti aliyezaliwa shambani, alikuwa kila Jumatatu anakuja na safu alizozikata kwa mkasi kwenye gazeti la Jumapili. Alizibandika mlangoni kwa sumaku yenye umbo la gunzi la mahindi. Sentensi aliyoikubali aliipigia mstari kwa kalamu ya bluu, aliyoikataa aliizungushia duara. Sisi wengine tukajibu pembeni, palipo peupe. Ikifika Ijumaa karatasi ina mwandiko wa watu watano, na alama ya siagi ya karanga ya mmoja wetu. Kiingereza changu cha kuombea kazi nilikitoa darasani, lakini Kiingereza cha kubishana nilikipata kwenye mlango ule.

Safu iliyokaa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya George Will, mhafidhina wa siku nyingi, aliyeanza kuandika kwenye gazeti la Washington Post mwaka 1974 na kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 1977. Will alikuwa akiipinga ethanoli ya mahindi. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali ikimlazimisha muuza petroli achanganye spiriti ya mahindi, na juu yake ikatoa nafuu ya kodi, hapo hakuna soko huria. Mwambie hayo mtoto wa mkulima wa Iowa! Mzee aliizungushia duara safu nzima, kuanzia jina la mwandishi hadi nukta ya mwisho. "Huyu ni wa upande wetu," alikuwa anarudia, "wa upande wetu kabisa." Wiki ya kwanza alinuna. Wiki ya pili alikuja na kipande kingine cha karatasi, ameandika hesabu za shamba la kaka yake, na katikati ya hesabu alikuwa amekubali nusu ya hoja. Alikubali kwa sababu msemaji hakuwa mtu anayeweza kumwita adui. Nafuu ile ya kodi iliisha mwishoni mwa mwaka 2011. Sharti la kuchanganya lipo hadi leo, na mzee bado analitetea, lakini analitetea kama mtu aliyesikia upande wa pili.

Kisha gazeti letu likaanza kupunguza. Jina lake silitaji, maana halina tofauti na mengine mengi. Ukurasa wa maoni wa kila siku ukawa wa siku mbili kwa wiki, kisha Jumapili tu, kisha ukaisha bila hata mstari wa kutuaga. Mzee alileta gazeti zima kazini Jumatatu ile, akaligeuza mbele na nyuma, akaniuliza kama mimi nimeuona.

Najua mambo hayakuanzia kwetu. Mwaka 2022 Gannett, kampuni iliyokuwa na magazeti mengi kuliko nyingine yoyote nchini, iliwashauri wahariri wake wapunguze kurasa za maoni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wasomaji hawataki kuambiwa wawaze nini, kurasa hizo husomwa na wachache, na huwafanya wengine wakatishe malipo. Mwaka huohuo magazeti yaliyo chini ya Alden Global Capital, ambao ni mfuko wa uwekezaji, yakatangaza kwamba hayatamuunga mkono tena mgombea wa urais, useneta wala ugavana. Nusu ya sababu naielewa. Tahariri isiyo na jina, inayomsomesha mkulima somo la adabu kutoka jengo la ghorofa, hata mimi iliniudhi. Lakini dawa ya mpishi mbaya si kufunga jiko.

Na watu hawakuacha kula. Mwaka 1987 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliifuta kanuni ya mwaka 1949 iliyovitaka vituo vya redio na runinga vitoe nafasi kwa pande zinazopingana. Mwaka uliofuata, Agosti 1988, mtangazaji wa redio wa kihafidhina, Rush Limbaugh, akaanza kusikika nchi nzima, kwa muda wa saa tatu kila siku ya kazi. Mwaka 1996 kikaja kituo cha runinga cha kihafidhina, Fox News. Siwadharau waliowasikiliza. Chumba cha boila kilikuwa na redio, na redio ile ilizungumza na mzee kwa namna ambayo magazeti makubwa yaliacha zamani: ilimwita mtu mzima. Kasoro yake ni kwamba redio haina pembeni pa kuandikia. Sauti inapita, hujui uishike wapi.

Mhafidhina anayeipenda nyumba yake lazima aseme pia lililooza ndani yake. Machi 2023 jaji wa Delaware aliandika kwamba hakuna hata dai moja kati ya yaliyotangazwa na Fox dhidi ya kampuni ya mashine za kura ya Dominion kuhusu uchaguzi wa 2020 lililokuwa kweli. Aprili 18 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi. Ujumbe wao wa simu ulishawekwa wazi: baadhi ya watangazaji hawakuyaamini madai yaliyokuwa yakirushwa kwenye kituo chao wenyewe. Kumdanganya mzee wa miaka sabini kuhusu kura yake si uhafidhina. Sisi tuliofundishwa kwamba ahadi ni deni tunapaswa kuchukia jambo hilo kuliko wapinzani wetu wanavyolichukia.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Dada yangu mkubwa yuko Kigoma. Ana VVU. Mwaka 2005 alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya mama, uzito wa mtoto wa shule, na mama alishatenga sanda. Dawa za kufubaza zilimfikia mwaka ule bila malipo. Zilitokana na mpango ambao Rais George W. Bush aliutangaza kwenye hotuba yake kwa Congress, bunge la Marekani, Januari 2003: dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Mpango huo, PEPFAR, unahesabiwa na serikali ya Marekani kuwa umeokoa maisha ya watu milioni 25. Kwangu hesabu huanzia kwa mmoja, ambaye leo anauza dagaa na kunisuta kwa simu nisipopiga wiki mbili.

Miaka mingi sikujua nani alisema nini ndani ya Ikulu hadi dawa zile zikapatikana. Nilijua kwenye mlango wa friji. Michael Gerson alikuwa mwandishi wa hotuba za Bush, Mkristo wa kiinjili, mhafidhina hasa, na alikuwa kati ya waliomsukuma rais aukubali mpango ule. Alipotoka serikalini akapewa safu Washington Post mwaka 2007, na safu zake zikafika hadi kwenye magazeti ya miji kama wetu. Mzee alikata moja iliyohusu malaria na UKIMWI barani Afrika, akaibandika, akaipigia mstari sentensi mbili. Nikasimama pale na kikombe cha chai mkononi, nikamwambia habari ya dada. Hakujibu. Aliitoa karatasi mlangoni akanipa, na hadi leo ninayo ndani ya msahafu wangu, ingawa aliyeiandika alikuwa mlokole.

Angalieni alichokifanya Gerson. Hakuwaandikia waliokuwa wanaupenda msaada wa nje. Aliwaandikia wanaouchukia, kwa lugha yao, kwa Maandiko yao, kwa hesabu zao: fedha zipimwe, matokeo yaonekane, mgonjwa aliyepona arudi kazini alee wanawe mwenyewe. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 58, ameugua saratani muda mrefu, na alikuwa bado anaandika.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Dada alinipigia Februari. Alikwenda kuchukua dawa za miezi mitatu kama kawaida, akapewa za mwezi mmoja, na muuguzi hakuwa na la kumweleza. Nilikwenda kazini usiku ule nikiwa na hamu ya kitu kimoja tu, kipande cha gazeti cha kumwekea mzee mezani. Nilitaka mhafidhina amwambie mhafidhina kwa nini dawa ya dada yangu si ubadhirifu. Wapo wahafidhina walioandika hivyo, nilikuja kuwasoma baadaye kwenye simu. Kwenye gazeti la mji wetu hapakuwa na pa kuwaweka. Mzee kwa upande wake alikuwa ameshaona video kumi kuhusu fedha za misaada zinavyoliwa, moja baada ya nyingine, kila moja imechaguliwa na mashine kwa sababu aliitazama ya kabla yake. Alinigeuzia kioo cha simu. Nikatazama. Sikuwa na kalamu ya kujibia, na yeye hakuwa na ukingo mweupe wa kunipa.

Sitaki mnielewe vibaya. Ile hoja ya kwamba msaada wa nje humlemaza anayesaidiwa ni hoja ya haki, na mimi ninayetoka kwenye mkoa uliojaa mabango ya wafadhili naikubali zaidi ya nusu. Serikali zetu zilipaswa kununua dawa hizi zenyewe miaka kumi iliyopita. Ndiyo maana nilitaka kuwaona wahafidhina wawili uso kwa uso kwenye ukurasa mmoja, mmoja akisema kateni, mwingine akisema subirini. Mabishano ya ndani ya nyumba moja ndiyo yanayobadilisha nia ya mtu.

Najua baadhi yenu mnaogopa. Mnasema wahafidhina wakipewa nafasi wataandika yanayoumiza watu, na mnanitajia watu weusi kama mimi. Basi niwajibu mimi mwenyewe. William F. Buckley Jr. alianzisha jarida la National Review mwaka 1955, na hakuna aliyechangia kujenga uandishi wa kihafidhina wa Marekani kuliko yeye. Agosti 1957 jarida lake lilichapisha tahariri iliyosema Wazungu wa majimbo ya Kusini wana haki ya kushika hatamu hata pale walipo wachache, kwa kuwa kwa wakati ule wao ndio walioendelea. Niliposoma maneno yale niliweka kitabu chini nikatoka nje. Lakini niliweza kuyasoma kwa sababu yaliandikwa, yana tarehe, yana mwenyewe. Februari 1965 mwenyewe alisimama ukumbini Cambridge, Uingereza, akabishana na James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, na wanafunzi wakampa Baldwin kura 544, yeye 164. Mwaka uliofuata alianza kipindi cha runinga cha kubishana na wapinzani wake, Firing Line, akakiendesha hadi 1999. Uzeeni, mwaka 2004, alikiri kwamba alikosea na kwamba serikali kuu ilistahili kuingilia kati kule Kusini. Aliyejifungia na wanaomshangilia haambiwi na mtu kwamba amekosea.

Na mwaka 2020? Juni 3 New York Times ilichapisha makala ya Seneta Tom Cotton wa Arkansas, akitaka jeshi lipelekwe kwenye miji iliyokuwa na vurugu baada ya polisi kumuua George Floyd, mtu mweusi. Wafanyakazi wa gazeti wakapinga vikali, gazeti likaandika juu ya makala hiyo kwamba haikustahili kutoka, na siku chache baadaye mhariri wa maoni, James Bennet, akajiuzulu. Mimi sikukubaliana na Cotton. Mwenzangu anayekunja taulo, dada wa Uvira, Kongo, aliyevuka Ziwa Tanganyika na watoto wawili, alimpinga hata kuliko mimi. "Askari akishashuka mtaani," aliniambia, "nani atamwambia arudi kambini?" Hilo ni jibu ambalo seneta alistahili kulisoma. Lingetoka kwa mtu aliyewaona askari mtaani, si kwa mtu aliyewasoma. Ila mjadala ulikuwa umeshageuka: badala ya kuuliza kama seneta amekosea, watu waliuliza nani aliyemruhusu kusema. Dada wa Uvira akabaki na jibu lake.

Kwenu wamiliki nina neno la pekee. Nimekulia Kigoma ya wakati wa chama kimoja. Magazeti yalikuja kwa treni ya reli ya kati, siku kadhaa baada ya kuchapwa Dar es Salaam. Uhuru lilikuwa la chama, Mzalendo la Jumapili la chama, na lile la Kiingereza, The Standard, lilitaifishwa mwaka 1970 na baadaye likaitwa Daily News. Kijiweni mmoja alisoma kwa sauti, wengine tukasikiliza na kahawa na kashata. Mzee Nyerere nampenda hadi leo, na mengi yaliyoandikwa mle yalikuwa ya kweli. Lakini hapakuwa na cha kubishia. Ubishi wetu wote tuliupeleka kwa Simba na Yanga. Vijiji vilipohamishwa na mashamba yakabaki nyuma, watu walinong'ona majumbani, gazeti likaja na neno lake lilelile moja.

Kwa hiyo Jeff Bezos, mmiliki wa Washington Post, alipolizuia gazeti hilo kumuunga mkono mgombea siku chache kabla ya uchaguzi wa 2024, na Februari 2025 alipotangaza kwamba ukurasa wa maoni utatetea nguzo mbili, uhuru wa mtu binafsi na soko huria, na wanaozipinga watafute pa kuandika kwingine, baadhi ya wahafidhina wenzangu walishangilia. Mimi sikuweza. Nguzo zote mbili nazisadiki kuliko wengi waliozaliwa hapa, kwa kuwa nimeishi bila ya pili na kwa upungufu wa ya kwanza. Lakini mwamba ngoma ngozi huvuta kwake, na soko huria linalolindwa lisishindane na hoja nyingine ni soko gani hilo? Wale wa mrengo wa kushoto waliomfungia Cotton mlango, na mmiliki aliyewafungia wapinzani wa soko, kwangu wameshika kitasa kimoja.

Msiniambie haiwezekani kwenye miji midogo. Storm Lake, hapahapa Iowa, ni mji wa viwanda vya nyama, na gazeti lake dogo la familia lilimpatia Art Cullen tuzo ya Pulitzer mwaka 2017 kwa tahariri zilizoyabana makampuni makubwa ya kilimo kuhusu uchafuzi wa maji. Cullen si wa upande wangu. Anajua lakini kila mfereji anaouandika, na ukimpinga unakutana naye dukani. Kule Palm Springs, California, gazeti la Desert Sun Julai 2019 liliondoa siasa za kitaifa kwenye ukurasa wa maoni kwa mwezi mzima. Watu wakaandika kuhusu magari barabarani, utunzaji wa majengo ya zamani, mazingira. Watafiti waliofuatilia wakakuta chuki ya kivyama kati ya wasomaji ilikua polepole kuliko kwenye mji mwingine waliolinganisha nao. Mimi nisingetaka siasa za kitaifa zitoke kabisa, dawa ya dada yangu inaamuliwa Washington. Ila mhafidhina wa mji wetu aanze na kodi ya shule yetu, na daraja letu, na yule mkulima anayetaka kuuza shamba kwa kampuni ya umeme wa upepo. Tukimzoea kwenye hayo tutamsikiliza kwenye yale ya mbali.

Mtafuteni. Si lazima awe mtu wa runinga. Yupo mwalimu mstaafu, yupo mchungaji, yupo mwenye duka la vipuri. Mlipeni. Msimchague kwa sababu anawatukana wapinzani vizuri, na msimchague yule mnayempenda ninyi kwa sababu amekwisha kukubaliana nanyi. Mpeni mhariri wa kumkagulia takwimu, kisha muacheni. Pembeni yake wekeni anayempinga, naye mumlipe sawasawa. Na acheni nafasi ya barua: dada wa Uvira bado ana jibu lake.

Mzee anastaafu Oktoba. Ameshasema sumaku ya gunzi ataiacha mlangoni.

Wenu,
Msomaji wa Iowa, mzaliwa wa Ujiji